Msomaji Asiyetarajiwa: Uhakiki wa Mfumo Endeshi wa Windows kwa Mtazamo wa Mtumiaji wa Sumbawanga na Uwanda wa Juu wa Ufipa

Ikisiri

Makala hii inahakiki mfumo endeshi wa Windows, hususani matoleo yake ya 10 na 11, kama matini inayosomwa na mtumiaji wa kompyuta ya mezani katika Manispaa ya Sumbawanga na maeneo mengine ya uwanda wa juu wa Ufipa, mkoani Rukwa. Uhakiki umeongozwa na Nadharia ya Upokezi, hasa dhana za msomaji anayedokezwa na matini, mapengo ya matini na upeo wa matarajio. Hoja kuu ni kwamba kila toleo la mfumo endeshi humchora mtumiaji wake kabla hajaketi mbele ya kioo, na kwamba mtumiaji aliyechorwa katika toleo la 11 ametofautiana na mtumiaji wa Ufipa katika mambo manne: umri wa mashine yake, umeme wake, intaneti yake na lugha yake. Makala inapendekeza sifa ambazo toleo lijalo linapaswa kuwa nazo, na inabainisha nani hapa nchini ana uwezo wa kuzidai.

1.0 Utangulizi

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10, toleo lililokuwa limetumika tangu tarehe 29 Julai 2015. Kompyuta zenye toleo hilo hazikuzimika siku hiyo. Ziliendelea kuwaka, kuchapa barua na kufungua tovuti kama jana yake. Kilichokoma ni marekebisho ya usalama ya bila malipo, yaani kazi ya kuziba mianya ambayo wahalifu wa mtandaoni huigundua kila mwezi.

Tukio hilo lina uzito wa pekee katika mji kama Sumbawanga. Kompyuta nyingi za mezani katika steshenari, shule na ofisi ndogo za miji ya mikoani ni za mtumba, zilizokwisha kutumika ng’ambo kabla ya kuletwa nchini. Hizo ndizo mashine ambazo mhitimu wa kidato cha sita huzitumia kuomba mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, na ndizo ambazo mwombaji wa kazi huzitumia kujaza taarifa zake katika mfumo wa Sekretarieti ya Ajira. Tangu mwaka 2017 shule na vituo vya afya vya umma vimekuwa vikiandaa mipango na hesabu zake kwa mifumo ya PlanRep na FFARS. Mwananchi anayeishi Laela au Matai hana budi kupitia kioo cha kompyuta fulani ili aifikie serikali yake. Kwa hiyo, swali la toleo lipi la mfumo endeshi linakubali kukaa katika kompyuta hiyo linahusu haki za mwananchi kama linavyohusu ufundi.

Pamoja na uzito huo, mijadala ya Kiswahili kuhusu teknolojia imejikita zaidi katika uundaji wa istilahi. Imeulizwa mara nyingi tuseme kompyuta au tarakilishi, nenosiri au nywila. Makala hii inahama kutoka neno mojamoja na kuuchunguza mfumo mzima kama kauli inayomwelekea mtu fulani.

2.0 Msingi wa Kinadharia

Nadharia ya Upokezi ilipata nguvu katika Chuo Kikuu cha Konstanz nchini Ujerumani, mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970. Hans Robert Jauss alisisitiza kwamba msomaji huiendea kazi akiwa na upeo wa matarajio uliojengwa na kazi alizozisoma kabla. Wolfgang Iser, katika kitabu chake cha mwaka 1972, alieleza kwamba kila matini hubeba ndani yake msomaji anayedokezwa: si mtu halisi, bali jumla ya mambo ambayo matini inamtaka msomaji awe nayo ili maana ikamilike. Vilevile, alieleza kwamba matini huacha mapengo ambayo msomaji huyajaza kwa ujuzi wake.

Dhana hizi zinafaa kuhakiki mfumo endeshi kwa sababu tatu. Kwanza, mfumo endeshi huzungumza. Huamuru, huuliza, huonya na huomba radhi kwa maandishi. Pili, una masharti ya kuingia ambayo yameandikwa waziwazi, hivyo msomaji anayedokezwa hahitaji kubahatishwa. Anasomeka katika orodha ya mahitaji ya mashine. Tatu, huja katika matoleo yanayofuatana, na kila toleo hupokewa kwa kulinganishwa na lililotangulia. Mtumiaji anaposema kwamba Windows 7 ilikuwa nyepesi, hapimi megabaiti tu. Anasema kwamba toleo jipya limeukiuka upeo wa matarajio uliojengwa na toleo la zamani.

Tofauti moja izingatiwe. Msomaji wa riwaya aliyeshindwa kuifuata anaweza kuiweka kando asipoteze chochote zaidi ya muda wake. Mtumiaji wa mfumo endeshi hana uhuru huo, kwa kuwa nyuma ya mfumo huo ipo mikopo, ajira na mitihani. Hivyo, pengo kati ya msomaji anayedokezwa na msomaji halisi lina gharama kubwa zaidi hapa kuliko katika fasihi.

3.0 Muktadha wa Ufipa

Sumbawanga ni makao makuu ya Mkoa wa Rukwa, ulioanzishwa mwaka 1974. Kwa mujibu wa Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, mkoa una zaidi ya watu milioni moja na nusu. Kwa miaka mingi mji huu haukuunganishwa na gridi ya Taifa. Ulitegemea umeme unaonunuliwa kutoka Zambia pamoja na mitambo ya dizeli, na mradi wa njia ya msongo wa kilovolti 400 kutoka Iringa kupitia Mbeya na Tunduma hadi Sumbawanga, unaojulikana kama TAZA, ulibuniwa ili kuondoa hali hiyo na kuziunganisha gridi za nchi hizo mbili.

Ni kosa kudhani kwamba teknolojia iliingia Ufipa pamoja na kompyuta. Wafipa waliyeyusha chuma kwa karne kadhaa hadi ndani ya karne ya 20, wakitumia tanuri ndefu za udongo zijulikanazo kama malungu. Chuma kilichotoka humo kilisafishwa tena katika tanuri ndogo kabla ya kufikishwa kwa mhunzi, na mabaki ya malungu bado yanaonekana uwandani. Jambo linalohusu uhakiki huu ni umri wa zana. Jembe la mhunzi lilikoma lilipolika, na hata hapo chuma chake kiliweza kufuliwa upya kuwa zana ndogo zaidi. Aliyeamua mwisho wake alikuwa mtumiaji pamoja na fundi wa karibu. Kompyuta ni zana ya kwanza kuenea uwandani ambayo mwisho wake hupangwa kwa tarehe, katika mji wa Redmond nchini Marekani, bila kujali kama imelika au la.

4.0 Uhakiki wa Mfumo

4.1 Umri wa mashine

Windows 10 ilikubali kompyuta yenye kumbukumbu ya gigabaiti 1 au 2, kutegemea aina ya prosesa. Windows 11, iliyotolewa tarehe 5 Oktoba 2021, inataka gigabaiti 4 za kumbukumbu, gigabaiti 64 za hifadhi, na kijenzi cha usalama kiitwacho TPM cha toleo la 2.0. Mahitaji haya peke yake si makubwa kupita kiasi. Sharti linalofunga mlango ni orodha ya prosesa zinazokubaliwa. Kwa upande wa Intel, isipokuwa chache, orodha huanzia kizazi cha 8, kilichoanza kuuzwa mwaka 2017. Maana yake ni kwamba kompyuta iliyonunuliwa mpya mwaka 2016 ilikuwa na umri wa miaka mitano tu ilipotangazwa kuwa haifai.

Kwa ofisi ya Ulaya inayobadilisha kompyuta zake kila baada ya miaka minne au mitano, sharti hilo halisikiki. Lakini soko la mtumba hufuata nyuma ya ofisi hiyo. Mashine inayoanza maisha yake ya pili Sumbawanga ndiyo hiyo iliyomaliza maisha ya kwanza London au Dubai. Msomaji anayedokezwa na Windows 11 ni mnunuzi wa kwanza. Mnunuzi wa pili hayumo katika matini.

Ugumu unazidi tunapokumbuka ahadi iliyotangulia. Mwaka 2015 mfanyakazi mmoja wa Microsoft alieleza katika mkutano wa kampuni kwamba Windows 10 ndilo toleo la mwisho, na kauli hiyo ilienea duniani kote kwa maana kwamba mfumo ungekuwa ukiboreshwa bila kubadilishwa. Upeo wa matarajio wa watumiaji ulijengwa juu ya kauli hiyo. Aliyenunua mashine mwaka 2016 alikuwa na sababu ya kuamini kwamba hatatakiwa kubisha hodi tena.

4.2 Umeme na intaneti

Windows inapojisasisha huonyesha onyo la kutozima kompyuta. Onyo hili ni fupi, nalo lina dhana nzito ndani yake: kwamba mwenye uamuzi wa kuzima kompyuta ni mtumiaji. Katika mji ambao umeme unaweza kukatika bila taarifa, na kompyuta ya mezani haina betri, onyo hilo limeelekezwa kwa mtu asiye na mamlaka ya kulitii. Haki itendeke: matoleo ya karibuni yana uwezo wa kurudi katika hali ya awali baada ya usasishaji kukatizwa, na mara nyingi hufanikiwa. Hata hivyo, marejeo hayo huchukua muda, na kwa mwenye steshenari muda huo ni foleni ya wateja wanaoondoka.

Kuhusu intaneti, Windows 11 ya matumizi ya nyumbani inataka mtumiaji awe mtandaoni na awe na akaunti ya Microsoft ili akamilishe hatua za kwanza. Tangu mwaka 2022 sharti hilo limepanuliwa hadi toleo la Pro kwa matumizi binafsi. Shule isiyo na intaneti ya kudumu inaweza kupokea kompyuta mpya, ikazichomeka, zikawaka, na zikasimama katika ukurasa wa kwanza zikidai mtandao. Aidha, usasishaji hupakuliwa kwa wingi mkubwa wa data, ilhali mtumiaji wa bando la simu hulipia kila megabaiti.

Mfumo wenyewe una dawa za sehemu ya maradhi haya. Upo mpangilio wa kuutambulisha muunganisho kuwa ni wa kulipia kwa kiasi, ambao huzuia upakuaji mwingi. Upo pia utaratibu, ulioanza na Windows 10, wa kompyuta moja kupakua na kuzigawia nyingine katika mtandao wa ndani, jambo ambalo lingeifaa sana maabara ya shule. Tatizo ni kwamba dawa hizi zimefichwa ndani ya mipangilio, katika tabaka la tatu au la nne. Kilichowekwa mlangoni ni mahitaji ya yule anayedokezwa. Mahitaji ya wengine yamewekwa stoo.

4.3 Lugha na saa

Kiswahili si kigeni katika mifumo ya kompyuta. Mwaka 2004 Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, ilitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi kwa Kiswahili. Microsoft nayo ilitoa kifurushi cha Kiswahili kwa ajili ya Windows XP na Office katika miaka iliyofuata, na ikaendelea hadi Windows 10. Lakini vifurushi hivyo viliwekwa juu ya mfumo wa Kiingereza na kutafsiri sehemu tu ya maandishi. Mtumiaji husoma menyu kwa Kiswahili, na pale jambo linapoharibika hukutana na Kiingereza. Yaani lugha yake humsaidia wakati hana shida na humwacha anapokuwa nayo. Zaidi ya hayo, katika orodha ya lugha, tafsiri hiyo ilisajiliwa chini ya msimbo wa Kiswahili cha Kenya.

Ni vyema kukiri kwamba watumiaji wengi wa Tanzania hawakuikimbilia tafsiri hiyo hata ilipopatikana. Wao walikwisha kujijengea msamiati: kusevu, kudiliti, kuprinti, kurestati. Fundi anaposema anakwenda kupiga windo, kila mtu dukani anaelewa kwamba atasimika mfumo endeshi upya. Kwa Nadharia ya Upokezi, huu ni ujazaji wa mapengo: matini imeacha nafasi, na wasomaji wameijaza kwa lugha yao. Tafsiri isiyousikiliza msamiati huo huongeza pengo jingine juu ya lile la kwanza.

Kasoro iliyo wazi zaidi ni ya saa. Mwaliko wa kikao katika ofisi yoyote ya umma nchini huandikwa saa 2:00 asubuhi. Kompyuta iliyoandika mwaliko huo huonyesha saa 8:00. Mtumiaji anayeingiza 2:00 katika kalenda ya kompyuta bila kujumlisha sita ataamshwa usiku wa manane. Hakuna toleo la Windows linalotoa saa ya Kiswahili kama chaguo, ingawa hesabu inayohitajika ni ya kujumlisha na kutoa. Kifipa, kwa upande wake, hakimo kabisa katika orodha za lugha za mfumo. Majina ya watu na vijiji vya uwandani hupigiwa mstari mwekundu, kana kwamba kuzaliwa Nkasi ni kosa la tahajia.

4.4 Pingamizi na majibu yake

Mtetezi wa Windows 11 anaweza kutoa hoja mbili. Ya kwanza ni usalama: kijenzi cha TPM na uwashaji salama hulinda mashine dhidi ya programu hasidi zinazojificha chini ya mfumo. Hoja hii ni ya kweli, na mazingira ambamo fleshi moja hupita kompyuta kumi kwa siku yanahitaji ulinzi kuliko mengine. Lakini matokeo yake ni kinyume cha nia. Mashine zilizokataliwa hazikutoweka. Zimebaki kazini bila marekebisho, au zimepigwa nakala zisizo na leseni ambazo asili yake haijulikani. Ulinzi unaowaacha nje walio dhaifu zaidi hupunguza usalama wa wote wanaobadilishana nao mafaili.

Hoja ya pili ni kwamba aliyekataliwa anaweza kuhamia Linux. Matoleo kama Ubuntu na Linux Mint ni ya bure, hufanya kazi katika mashine kuukuu, na LibreOffice imehifadhi Kiswahili cha Tanzania miongoni mwa lugha zake. Kwa shule nyingi njia hii inafaa kuliko inavyodhaniwa. Hata hivyo, tafsiri ya Kiswahili ya mazingira ya Linux haijakamilika, vifaa vingi vya ofisini huja na programu za Windows pekee, na mafundi wengi wamefunzwa Windows. Kuhama kunahitaji fundi anayejua, na fundi huyo lazima afundishwe na mtu.

5.0 Matarajio kwa Toleo Lijalo

Kutokana na uhakiki huu, toleo lijalo litapimwa kwa mambo matano. Mosi, umri wa huduma ufungwe na uwezo wa mashine, si mwaka wa prosesa. Mashine isiyo na kijenzi fulani cha usalama ipewe ulinzi pungufu kuliko kuachwa bila wowote. Pili, usasishaji uweze kukatizwa na kuendelea pale ulipoishia, na uweze kubebwa kwa fleshi kutoka kompyuta moja hadi nyingine kwa hatua ambazo mwalimu wa kawaida atazimudu. Tatu, hatua za kwanza zikamilike bila intaneti na bila akaunti, kama ilivyokuwa zamani. Nne, tafsiri ya Kiswahili ianzie kwenye maonyo na taarifa za hitilafu, itambue Tanzania kama eneo lake, na iandaliwe pamoja na Baraza la Kiswahili la Taifa na mafundi wanaotumia msamiati huo kila siku. Tano, saa ya Kiswahili iwe chaguo.

Je, matarajio haya yana mahali pa kushikilia? Mfano wa karibuni unaonyesha kwamba yanapo. Microsoft ilitoa huduma ya nyongeza ya mwaka mmoja kwa Windows 10, hadi tarehe 13 Oktoba 2026, kwa malipo ya dola 30, au kwa pointi za mpango wake wa zawadi, au kwa sharti la kuhifadhi mipangilio ya mtumiaji katika akaunti yake. Baada ya shirika la watetezi wa walaji la Euroconsumers kupaza sauti, watumiaji wa Eneo la Kiuchumi la Ulaya walilegezewa masharti hayo. Kampuni ni ileile na mfumo ni uleule. Kilichotofautiana ni kwamba upande mmoja ulikuwa na taasisi iliyodai kwa niaba ya watu wake.

Tanzania ina taasisi zinazoweza kufanya hivyo. Mamlaka ya Serikali Mtandao, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019, husimamia viwango vya TEHAMA katika utumishi wa umma. Serikali ni mnunuzi mkubwa wa kompyuta, na mnunuzi mkubwa anaweza kuandika masharti katika zabuni: miaka ya huduma, uwezo wa kusimikwa bila mtandao, na Kiswahili kamili. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, unaopeleka kompyuta shuleni, unaweza kuuliza maswali hayohayo kabla ya kuzipokea. Vyuo vyenye matawi Sumbawanga vinaweza kufundisha mafundi wanaoimudu mifumo yote miwili, ili shule ikiamua kuhama isihame gizani.

6.0 Hitimisho

Makala imeonyesha kwamba mfumo endeshi ni matini yenye msomaji wake ndani, na kwamba msomaji wa Windows 11 ni mnunuzi wa mashine mpya, mwenye umeme usiokatika, intaneti ya kudumu na Kiingereza cha kutosha kuelewa hitilafu. Mtumiaji wa Ufipa amekuwa akiisoma matini hiyo kwa kujaza mapengo, akisaidiwa na fundi wa mtaani ambaye hakuna orodha ya mahitaji inayomtaja. Ujuzi wa kujaza mapengo ni wa kusifiwa, lakini hauzibi pengo la marekebisho ya usalama, kwa kuwa hilo linazibwa na mwenye mfumo peke yake. Uhakiki wa baadaye unaweza kuichunguza kazi ya fundi huyo kwa mahojiano ya uwandani, na kuyalinganisha matoleo ya Linux kwa vigezo hivi hivi vinne. Mpaka hapo, kipimo kilichopendekezwa ni chepesi: toleo lijalo litakuwa bora pale litakapoweza kusimikwa katika kompyuta ya mtumba, Namanyere, siku ambayo mtandao haupo, na likasema kwa Kiswahili kinachoeleweka ni kitu gani kimeharibika.